Kuni za Neema

Neema alinipigia simu asubuhi ya Jumanne. Alinisalimu, akauliza habari za watoto, akauliza kama huku kwetu mvua imenyesha, na nilipoanza kuhisi kwamba anazunguka jambo, akasema mama yake amepumzika. Nilifika Bonga siku mbili baada ya mazishi. Turubai lilikuwa limeshashushwa na viti vya kukodi vimepandanishwa uani, na wanawake waliokuwa wakisugua masufuria wakaniambia niingie tu, nikapumzike kwenye chumba cha Anjela. Wanakiita hivyo hadi leo, ingawa tangu nilipokihama wamelala humo watu wengi ambao hawakuwa Anjela, na misimu mingine yamelala magunia ya mahindi. Nilikaa kitandani, nikaweka kiganja juu ya ukuta wa upande wa mlima. Matofali yalikuwa na joto la jua la mchana, joto la taratibu, kama la mnyama aliyelala. Nje ya ukuta ule, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na tisa, zilipangwa kuni kutoka ardhini hadi kugusa bati, na mimi nililala miezi mitatu nikiwa nimezielekezea kichwa, nikisikia wadudu wakizichimba ndani kwa ndani, sauti nyembamba kama ya mtu anayeandika kwa penseli katika chumba cha pili.

Sitasema nilitoka kwa nani, wala kwa nini sikuwa nyumbani kwetu mwaka ule. Haya yanatosha: nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nilikuwa nimeamua kwamba nitakuwa mwandishi, na hakuna mtu duniani aliyekuwa akimngoja mwandishi. Waliokuwa na haja ya mtu wa kuandika barua na matangazo walikuwa kikundi cha safu ya juu ya Bonga, nyumba kumi na nne zilizopakana na msitu, ambazo kila kiangazi ziliutazama mlima kama mtu anavyomtazama ng'ombe mkali aliyekata kamba. Kiangazi kilichotangulia moto ulikuwa umeshuka ukala mazizi mawili na jiko moja. Basi mradi fulani ukawaazima mashine ya kusaga matawi, na kabla ya mashine akaja mtaalamu, akatukusanya darasani, wanaume wachache wa kikundi na mimi, akatufundisha siku nzima. Alisema moto haurukiruki ovyo kama tunavyodhani. Moto hutembea kwa kula. Nyasi ndefu, matawi makavu, mabua, majani yaliyojaa kwenye ukingo wa bati, vyote hivyo ni chakula cha moto, na nyumba huungua kwa sababu wenyewe tumeuandalia meza hadi ukutani. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari, nikayapigia mstari mara mbili. Chakula cha moto. Nilikwenda nayo nyumbani jioni ile kama mtoto aliyepewa pipi akaificha chini ya ulimi.

Mashine ilivutwa na trekta dogo. Ilikuwa na mdomo mpana wa bati na shingo iliyopinda, na watu hawakuhangaika kuitafutia jina. Waliiita Fisi, kwa kuwa ilikula mpaka mifupa. Aliyeiendesha alikuwa Fundi Bura, mtu wa Mbulu, mrefu, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa utosini, na kila asubuhi aliipiga kofi mgongoni kabla ya kuiwasha. Alitufundisha kulundika matawi kando ya barabara, vitako vyote vikielekea njiani. "Fisi anaanza nyuma ya mnyama," alisema. "Mkimpa kichwa kwanza atagoma." Na kweli, tawi lililoingia kwa kitako liliteleza kama linavutwa na mtu aliye ndani, lakini lililoingia kwa kichwa lilifungua mikono na kukataa. Nimejaribu mara nyingi kuieleza harufu ya siku zile na sijaweza. Mkaratusi ulinuka kama kifua cha mtoto mwenye mafua aliyepakwa dawa. Leleshwa, kile kichaka cha majani ya kijivu, ilinuka kama nguo zilizotolewa sandukuni. Maranda yalitoka shingoni mwa Fisi yakipepea, yakakaa kwenye nywele zetu, na kina mama wakayajaza viroba kwa ajili ya mabanda ya kuku na bustani za mboga, huku Fundi akipiga kelele kwamba yasambazwe bapa, mbali na kuta, asione kichuguu hata kimoja.

Kikundi kilikuwa na sharti moja, safu nzima au hakuna. Ilikuwa akili ya kawaida. Nyumba moja ikibaki na matawi na kuni ukutani, moto utapanda hapo, na ukishapanda paa moja hauna haja tena ya nyasi. Fisi, ambaye wiki zile alikuwa akila matawi ya safu za chini nasi tukisaidia, alikuwa amepangiwa Jumamosi moja tu kwa safu yetu. Baada ya hapo alikuwa aende Mutuka, na asingerudi mpaka mvua zinyeshe, wakati ambapo hakuna anayemhitaji. Nyumba kumi na tatu zilikubali siku ya kwanza. Ya kumi na nne, ya mwisho kabisa juu, ambayo msitu ulikuwa kama shamba lake la nyuma, ilikuwa ya Mama Neema, na ndiko nilikopangiwa chumba.

Alikuwa mwembamba, wa miaka hamsini na kitu, na aliongea Kiswahili polepole, kama mtu anayevuka mto akipima kila jiwe. Nikiamka nilimkuta ameshachemsha chai. "Shikamoo mama." "Marahaba. Umelala?" "Nimelala." "Hujalala. Macho ya penseli." Tulikula makande karibu kila siku, mahindi yaliyokobolewa kwa kinu na maharage, na siku za Alhamisi perege wadogo wa ziwani aliowanunua kwa mama mmoja aliyepita na beseni kichwani. Alikula akiwa amekaa kwenye kigoda, mgongo umeegemea zile kuni. Alikuwa akiziongeza kila siku. Ulikuwa msimu wa kuvuna mbaazi, na kila mtu alipopura mbaazi zake na kuacha miti yake shambani, Mama Neema aliomba, akafunga kwa kamba ya mkonge, akabeba. Alipita msituni pia, akarudi na matawi ya mgunga yaliyoanguka yenyewe. Alizipanga kwa namna ambayo sijaiona tena kwa mtu mwingine, nene chini, nyembamba juu, ncha zote zimelingana, kana kwamba kuna mgeni atakayekuja kuzikagua. Na mimi, mwandishi mtarajiwa, niliyekuwa nikiandika kila usiku kuhusu ukungu unavyoteremka mlimani kama maziwa yaliyochemka yakafurika, sikuwahi kumuuliza kuni zile ni za nini. Nilidhani ni tabia tu.

Siku walipokuja kuzichukua nilikuwepo. Alikuja mwenyekiti wa mtaa, na Mama Safari, jirani wa nyumba ya pili kutoka juu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na wengine wanne. Walikuja na kamba mabegani. Walijiona wamefanya hisani: wewe huna mtu wa kukusaidia, tumekuja kukubebea hadi barabarani.

"Hizi hazitoki," alisema Mama Neema.

"Mama Neema, zimegusa bati," alisema mwenyekiti.

"Nimezigusisha mimi."

"Moto ukija?"

"Ukija utanikuta."

"Utakukuta wewe," alisema Mama Safari, "halafu utapita kuja kwangu. Mimi sijaualika moto, jirani. Kuni za nini zote hizo? Unafungua mgahawa?"

Mama Neema alirudi kwenye kigoda chake, akaegemea, akaendelea kuchambua maharage, na wale sita wakasimama pale na kamba zao mpaka ikawa aibu kusimama. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kuomba chumvi. Ukiishi Bonga utajua maana yake. Kwa wiki tatu nilisikia kupitia dirishani maneno ya watu wanaopita njiani, yaliyosemwa kwa sauti iliyopimwa ili yasikike. Mmoja alisema wengine wanapenda kuni kuliko watu. Mwingine akasema heri moto wa mlimani, huo hauna roho mbaya. Mama Neema alisikia, nami nilisikia, na tulikula makande yetu, na upande wa pili wa ukuta yule mdudu aliendelea kuandika. Nilikuwa upande wa kikundi. Nilimpenda na nilikuwa na hakika kwamba amekosea, na usiku nililala chali nikifikiria kwamba kama moto utakuja, utaanza sentimita ishirini kutoka kwenye nywele zangu.

Jumamosi ilipokaribia nikapewa kazi ya kuandika tangazo litakalosomwa Jumapili ya kabla yake makanisani, kwa Wakatoliki na kwa Walutheri. Mwenyekiti alitaka liwe fupi. Mimi nilitaka liwe zuri. Niliandika rasimu sita. Ya kwanza ilisema matawi, vichaka na nyasi kavu vikusanywe, nikaiona imekauka kama vichaka vyenyewe. Ya sita ilisema hivi, na bado naikumbuka kwa sababu kuna watu Bonga ambao hawajaniruhusu kuisahau: *Jumamosi saa tatu asubuhi, kila nyumba ya safu ya juu ilete chakula cha moto kando ya barabara. Tusipotoa, tutajuta.*

Nilipenda jinsi ilivyosimama. Mtu aliyesoma mbele ya waumini hakuwa amehudhuria mafunzo darasani. Alisoma vizuri sana, kwa uzito, akatua kidogo kabla ya kusema tutajuta.

Jumamosi ile ukungu ulichelewa kuondoka. Nilishuka barabarani na daftari langu saa mbili na nusu, nikamkuta Fundi Bura ameshafika, amekaa juu ya trekta, anatazama barabara tupu. Palikuwa na marundo mawili tu ya matawi, ya watu waliokata mapema. Kisha nikawaona wakitokea kwenye ukungu mmoja mmoja, wanawake wa safu ya juu, wakitembea kwa hadhari, kila mmoja na kitu kichwani kilichofunikwa kwa kitambaa, na mvuke ukiwapandia juu kama roho zinazowafuata. Nilidhani naota. Mama Safari alikuwa mbele. Alitua sufuria kando ya njia, akaifunua, na ndani palikuwa na ugali wa watu ishirini.

"Haya," alisema, "mgeni yuko wapi?"

"Mgeni gani, mama?"

"Si mmesema chakula cha moto? Mimi nimeamka saa kumi. Cha moto hiki, weka kidole." Aligeuka kwa wenzake. "Eti tusipotoa tutajuta! Nikamwambia Baba Safari, ugali wangu mimi haujamjutisha mtu tangu niolewe."

"Mimi nilijua ni mkuu wa mkoa," alisema mwingine, akitua dishi la mboga ya kunde.

"Mimi nikajua ni askofu. Nimechinja."

"Umechinja?"

"Jogoo. Yule mwekundu."

"Mungu wangu, yule aliyekuwa anatuamsha?"

Fundi Bura alielewa kabla yangu. Nilimwona akivua kofia yake ya sufu kwa mara ya kwanza, akaiweka usoni, mabega yakitetemeka. Aliposhusha kofia machozi yalikuwa yanamtoka. "Binti," aliniambia, "Fisi hali ugali." Ndipo damu iliponipanda mpaka masikioni. Nikawaeleza, nikigugumia, kwamba nilimaanisha chakula anachokula moto, yaani matawi, yaani nyasi, yaani kama alivyosema mtaalamu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyoshikana mikono wasianguke. "Fomu Siksi!" alipiga kelele Mama Safari. "Fomu Siksi anataka tumpikie moto!" Nimeandika vitabu tangu siku hiyo, na watu wenye heshima wamenikosoa magazetini, lakini hakuna aliyenifundisha zaidi ya yule jogoo mwekundu. Neno haliwi langu kwa sababu nimelipigia mstari. Lilikuwa na wenyewe kabla yangu, na wenyewe hao walikuwa wameamka saa kumi alfajiri kulipika.

Kicheko kile kilikatika ghafla, na nilipogeuka nikaona sababu. Mama Neema alikuwa akishuka. Alikuwa na chungu kichwani, kile cheusi cha makande, na alitembea katikati ya barabara bila kuangalia pembeni. Matawi alikuwa amekataa kuyatoa, kuni alikuwa amekataa. Lakini tangazo lilisema chakula, na hakuna ambaye angeweza kusema, Bonga nzima, kwamba Mama Neema aliombwa chakula akanyima. Alikitua chungu mwisho wa mstari, mbali kidogo na vyombo vya wengine, akasimama.

Hakuna aliyejua la kufanya. Chakula kilikuwa kinapoa. Mwishowe Fundi Bura alishuka kwenye trekta, akanawa mikono kwa maji ya rejeta, akasema yeye ni mgeni na ametoka mbali, akaenda moja kwa moja kwenye kile chungu cheusi. Tukakaa kwenye nyasi. Tukala. Ukungu ulianza kupasuka, mlima ukaonekana vipande vipande, bega, kisha shingo. Mama Safari alikula ugali wake, akala kunde, akala jogoo, halafu, kama mtu anayepita tu, akachota makande.

"Yamekolea," alisema hewani, kwa mtu yeyote. "Yana ladha ya kuni nyingi."

"Na ugali wako," alijibu Mama Neema, "una ladha ya mdomo mrefu."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mama Safari aliweka kijiko chini. Nilidhani watapigana. Lakini alisema kwa sauti ambayo sikujua anayo, sauti ya ndani ya nyumba, "Mama Neema, hizo kuni ni za nini, dada yangu?"

Na Mama Neema akasema, akipima jiwe baada ya jiwe. Binti yake Neema alikuwa ameolewa Kiteto, ana mimba, ya kwanza, na anakuja kujifungulia kwa mama yake mwezi wa kumi. Kuni ni zake. Ni za maji yake ya kuoga na ya uji wake, siku arobaini, asubuhi na jioni. "Mimi nilimzaa Neema masika," alisema. "Kuni zote zimelowa. Mama mkwe ameshakufa, mama yangu yuko mbali, Dongobesh. Baba Neema anapuliza, anapuliza, moto hautaki. Nilioga maji ya baridi siku tatu. Siku ya nne mwili ukatetemeka, maziwa yakakauka. Neema amekua kwa maziwa ya mbuzi. Wengine waliofuata hawakukaa." Alitazama mikono yake. "Nikasema huyu hataoga maji ya baridi. Hata kama nitachoma nyumba."

"Na ungeichoma kweli," alisema Mama Safari.

"Ningeichoma."

"Si ungesema, jamani?"

"Ningesema lini? Mlikuja na kamba. Mtu aliyekuja na kamba haulizi. Anafunga."

Niliangalia vile vyombo vyote barabarani, na nikatambua jambo ambalo nadhani kina mama walikuwa wamelitambua kabla yangu: kila sufuria pale ilikuwa imekula kuni. Ili kupika ugali wa watu ishirini na jogoo mzima, safu nzima ilikuwa imeokota alfajiri ile kila kijiti kilichokuwa karibu na kuta zake. Mama Safari alisimama, akajipangusa nyasi kwenye kitenge. Alipandisha kwa Mama Neema bila kuomba ruhusa, nasi tukamfuata wote, na alipofika kwenye ule ukuta wa kuni akasimama mbele yake kama mtu aliyefika mbele ya jambo la watu wengine. Safari hii alikuwa mikono mitupu.

"Nipe mzigo mmoja," alisema. "Nitauweka jikoni kwangu juu ya uchaga, ukauke na moshi. Neema akijifungua, siku yangu ikifika, utausikia ukija. Utakuja ukiwa uji."

Kwa Mama Neema, kutoa kuni hizo kulikuwa kutoa ahadi yake mwenyewe aliyoiweka akiba miaka ishirini na mbili, na kuikabidhi kwa watu ambao wiki tatu walikuwa wakimsema njiani. Wakisahau, binti yake angeoga maji ya baridi, na yeye asingekuwa na hata kijiti cha kujitetea. Kisha akainama, akaanza kufunga. Alichagua mwenyewe, za mgunga chini, za mbaazi juu, akazilinganisha ncha, akambebesha Mama Safari kichwani. Akafunga wa pili. Kufikia saa saba mizigo kumi na mitatu ilikuwa imeshuka, na mmoja akaubakiza jikoni kwake. Ukuta ulikuwa mtupu, na matofali yaliyokuwa nyuma yalikuwa mekundu zaidi ya mengine, mapya, kama ngozi chini ya bandeji.

Mchana ule tulifanya kazi kama watu waliochelewa harusi. Wanaume walikata vichaka vya mpakani, sisi tukavuta matawi, vitako njiani, na Fisi alikula mpaka jua likawa la rangi ya chai. Nyuma ya nyumba zote kumi na nne tulifagia na kupalilia ukanda wa ardhi tupu, upana wa hatua kumi, na aliyeufagia kwa makini kuliko wote alikuwa Mama Neema, aliyeokota hata majani ya jana.

Nimelala tena katika chumba hiki siku tatu sasa, na jambo ninalolirudia ni yale mabakuli. Neema alifika mwisho wa mwezi wa tisa, amevimba miguu, akajifungua zahanati mtoto wa kike, wakamleta nyumbani. Asubuhi ya kwanza nilikuwa naosha uso uani nilipomwona Mama Neema amesimama kwenye kona ya nyumba, akitazama njia. Alikuwa ameshawasha moto kwa ule mzigo mmoja, na mzigo mmoja si kitu. Alitazama njia bila kupepesa. Sijawahi kumwona mtu akiogopa namna ile, na hata moto wenyewe ulipokuja baadaye hakuogopa hivyo. Kisha akatokea Mama Safari na ndoo ya maji yanayotoa mvuke kichwani na bakuli la uji wa ulezi mkononi, akilitukana kila jiwe njiani. Kesho yake alikuja wa nyumba ya tatu. Kesho kutwa wa nne. Mama Neema hakurudisha chombo kitupu. Alikiosha, akakikausha kwa kitambaa, akaweka ndani konzi ya mbaazi. Lakini kupokea kulimchosha kuliko kubeba. Jioni aliniambia, "Mwanangu, hii kazi ni ngumu." Nikauliza kazi gani. "Kukaa," alisema.

Moto ulikuja siku ya tisa, saa nane mchana. Hakuna aliyejua ulianzia wapi juu kule. Kwanza mlima ulipoteza ukingo wake, kisha ndege wakapita juu yetu wengi mno, wote upande mmoja, na mchana ukawa wa rangi ya shaba, mzuri, Mungu anisamehe, mzuri kama kitu cha ndotoni. Majivu yalianguka polepole kwenye kamba ya nguo za mtoto. Watu walikimbia kutoka kila nyumba na matawi mabichi ya kupigia na ndoo, wakajipanga kwenye ule ukanda mtupu, na tukausikia kabla ya kuuona, sauti kama ya watu wengi wakikunja karatasi. Ulitokea msituni ukiwa mdogo kuliko nilivyofikiri, hadi kiunoni, ukija kwa haraka ya mwenye njaa. Nilikimbia ndani kumchukua Mama Neema na Neema na mtoto.

Chumbani mlikuwa na giza na mvuke. Neema alikuwa amelala kando ya ukuta, amekwishaogeshwa, uso unang'aa, macho yamefumba. Mama Neema alikuwa amekaa sakafuni, miguu imenyooshwa, mtoto amelala kifudifudi juu ya miguu yake, na kando yake ndoo ya maji ya moto ya nyumba ya kumi. Alikuwa akimmwagia mtoto mgongoni kwa kiganja, kidogo kidogo, akiimba kitu kwa lugha yake.

"Mama, moto umefika!"

Hakuacha kumwaga. "Umefika wapi?"

"Kwenye ukanda."

"Umevuka?"

Nilitazama nyuma. Kupitia moshi niliona migongo ya watu, mikono ikipanda na kushuka, na mbele yao ule mstari mwekundu ukipapasa ukingo wa udongo mtupu, kulia, kushoto, kulia tena, ukitafuta.

"Bado," nilisema.

"Basi funga mlango," alisema Mama Neema, "mtoto asipigwe na upepo."

Nikaufunga, nikiwa upande wa nje.